LSAT: hitimisho kuu la hoja mnalijuaje? Kila nikiona "kwa hiyo" naingia mkenge

Mwanazamu

Habarini za humu wakuu, wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada kwa jambo moja ambalo linaninyima hata ule usingizi kidogo ninaoupata. Mimi nipo Columbus, Ohio, nafanya kazi ya kuhudumia wazee zamu ya usiku, digrii yangu niliipata nyumbani Tanzania na sasa nimeamua kuomba shule ya sheria huku. Huku huingii sheria ukitoka sekondari kama kwetu, kwa kawaida lazima uwe na digrii ya kwanza ndio uingie, na shule nyingi bado zinataka LSAT, yaani mtihani wa kuingilia sheria. Nimeshajiandikisha mtihani wa Aprili.

Tangu Agosti 2024 walipoondoa ile sehemu ya mafumbo ya kupanga vitu, sehemu zinazohesabiwa zimebaki tatu, mbili za hoja na moja ya ufahamu, na kuna ya nne haihesabiwi lakini huwezi kujua ni ipi. Yaani mzigo wote umehamia kwenye hoja. Kila sehemu dakika 35 na maswali kama 25 hivi, ukiganda kwenye swali moja umeshayaponza mengine mawili.

Kinachonishinda ni lile swali ambalo kila mtu anasema ndio rahisi kuliko yote, la "hitimisho kuu la hoja hii ni lipi". Swali lenyewe siliweki hapa kwa sababu ya hakimiliki, nimetunga linalofanana nalo:

"Baadhi ya wakulima hudai kwamba kung'oa magugu yote pembezoni mwa shamba huongeza mavuno. Dai hilo si sahihi. Magugu ya pembezoni huwapa makazi wadudu wanaokula viwavi. Kwa hiyo magugu hayo yakiondolewa yote, viwavi huongezeka, na viwavi wakiongezeka mavuno hayawezi kupanda."

A. Baadhi ya wakulima wanaamini kuwa kung'oa magugu ya pembezoni huongeza mavuno.
B. Magugu ya pembezoni ni makazi ya wadudu wanaokula viwavi.
C. Magugu ya pembezoni yakiondolewa yote, viwavi huongezeka.
D. Si kweli kwamba kung'oa magugu yote pembezoni mwa shamba huongeza mavuno.
E. Wakulima wanapaswa kuacha magugu yaote pembezoni mwa mashamba yao.

Mi kwenye lile swali la kweli nilichagua inayolingana na C, sio. Nikarudia nikachagua inayolingana na E, sio. Jibu ni D, ambayo niliiona kabisa nikaipita nikasema hii imekaa kama anamkatalia mkulima tu, haina kitu ndani. Naomba mtu anieleze kwa Kiswahili cha kawaida, kwa nini C sio wakati "kwa hiyo" ipo palepale mbele ya macho yangu? Nililipia darasa moja la mtandaoni (silitaji), mwalimu akatupa orodha ya maneno ya kukariri, ukiona hili ujue hitimisho linafuata, ukiona lile ujue ni sababu. Nimeyakariri yote na bado kwenye maswali kumi ya aina hii napata matano, siku nzuri sita.


Kijana wa Posta

Pole sana dada. Mimi sijafanya huo mtihani ila nilivyofundishwa insha shuleni hitimisho linakaa mwisho. Soma sentensi ya mwisho, isipokaa sawa soma ya kwanza, kwenye hizo mbili hutoki kapa.


Wakili Mtarajiwa

Ndugu yangu hapo juu najua umesema kwa nia njema lakini hiyo itampoteza. Angalia mfano wake mwenyewe, sentensi ya mwisho ni viwavi, ya kwanza ni maneno ya wakulima ambao mwandishi anawapinga, na jibu limekaa sentensi ya pili. Wale watunga mtihani wanajua kabisa watu wanakimbilia mwanzo na mwisho.

Dada Mwanazamu, nimepita hapo ulipo. Sasa hivi nipo mwaka wa pili shule ya sheria, Maryland, na jaribio langu la kwanza la nyumbani nilipata 148, kwa wasiojua alama zinaanzia 120 mpaka 180, na haya maswali ya hitimisho ndiyo yaliyokuwa yananiangusha wakati kila video niliyoangalia inasema ni ya kuokota. Niliumia kwa hilo kuliko kwa yale magumu, kwa hiyo naelewa unavyojisikia.

Nisikilize. "Kwa hiyo" inakuambia kitu kimoja tu, kwamba kinachokuja kimetokana na kilichotangulia. Basi. Haikuambii kwamba safari imeishia hapo. Basi la Dar kwenda Mbeya likiingia stendi ya Msamvu, Morogoro, watu wanashuka, wananunua maji, wanajinyoosha, ni kituo cha kweli na gari limefika kweli, lakini aliyekata tiketi ya Mbeya hajafika. C yako ni Msamvu. Ni hitimisho, tena ni hitimisho halali, limetokana na habari ya wadudu, ila mwandishi hakukata tiketi ya kuishia kwenye viwavi. Viwavi vinampeleka mahali.

Utajuaje kama ni kituo au ndio mwisho wa safari? Mimi nilikuwa nafanya hivi. Chukua sentensi mbili unazozishuku, weka "kwa sababu" katikati, soma kwa sauti. Halafu zigeuze, soma tena.

"Magugu yakiondolewa viwavi huongezeka, kwa sababu dai la wakulima si sahihi." Haikai. Wakulima kukosea hakuwezi kufanya viwavi wazaliane.

"Dai la wakulima si sahihi, kwa sababu magugu yakiondolewa viwavi huongezeka na mavuno hayapandi." Hapo imekaa yenyewe.

Umeona nani kambeba nani? C imembeba D. Na D imembeba nani? Zungusha sentensi zote, hakuna hata moja inayoegemea D. Basi D ndiyo yenyewe. Hitimisho kuu linabebwa na wenzake na lenyewe halibebi mtu. Hitimisho la katikati linabebwa na linabeba. Sababu tupu inabeba tu, hakuna anayeibeba, unaambiwa ukubali hivyohivyo kwamba kuna wadudu kwenye magugu.

Nilinunua daftari la mistari la kawaida. Kila swali naandika namba za sentensi, 1, 2, 3, 4, halafu nachora mishale. Hapo kwako ingekuwa 3 mshale kwenda 4, 4 mshale kwenda 2, na 1 naizungushia duara naandika "wao", maana hayo si maneno ya mwandishi. Swali la dakika moja nilikuwa nalichora dakika tano. Wiki tatu nilifanya hivyo bila kugusa saa kabisa, na baada ya hapo mishale ikawa inajichora kichwani, sikuhitaji tena daftari.


PwaniKwetu

Dada, mimi sikufanya LSAT, nilifanya LNAT, mtihani wa kuingilia sheria wa Uingereza (maswali 42 kwa dakika 95, halafu insha), lakini ugonjwa ulikuwa huohuo na nafikiri najua unatoka wapi. Unatoka kwetu, kwenye namna tulivyolelewa kuzungumza.

Mtu mzima kwetu Pwani hasemi haja yake mlangoni. Ni utovu wa adabu. Ami yangu akitaka kitu hunitumia sauti ya dakika sita kwenye WhatsApp. Aanza na salamu, mama yako hajambo, mvua mwaka huu imekuja na upepo, lile bati la upande wa jikoni limeng'oka, maji yaingia mpaka kwenye kabati la vyombo, nimemwita fundi amekuja amepima, ameniambia mabati yamepanda, kwa hiyo fundi amesema atarudi Jumamosi. Kisha kimya kidogo, utasikia akikohoa, ndipo aseme "basi mwanangu, tazama utakavyoweza."

Sasa nikuulize, Ami asema nini? Asema fundi arudi Jumamosi? "Kwa hiyo" ameiweka hapo hapo kwa fundi, umeisikia mwenyewe. Lakini hakuna mtoto wa kwetu atakayesikia sauti ile akajibu "haya Ami, Jumamosi njema." Kila mtu ajua Ami ataka pesa za bati, na mvua na kabati na fundi vyote vimekuja kuibeba haja hiyo moja. Sikio lako tayari lajua kazi hii, dada. Hujafundishwa na darasa, umezaliwa nayo.

Taabu ni kwamba Mzungu wa mtihani aigeuza. Yeye husema haja yake mlangoni, "nisaidie pesa za bati", kisha ndipo aanze habari ya mvua na fundi. Sisi tumezoea kungoja, twazunguka naye mbuyu tukitarajia haja iko mbele, twafika mwisho twakuta fundi, twamshika fundi. Mimi nilipogundua hilo nikawa kila aya naisoma kama ni sauti ya mtu, nikimaliza najiuliza tu, huyu bwana amekuja kutaka nini kwangu? Ataka nikubali nini? Nikishajibu kwa maneno yangu ndipo naangalia machaguo.


Mwanazamu

Jamani Mungu awabariki. Nimesoma hizi mbili nikiwa mapumziko ya saa tisa usiku, nikarudi kwenye yale matano niliyokosa wiki iliyopita, matatu yote nilimshika fundi wa Jumamosi.

Ila bado E. Hapa naomba mnivumilie. Kama kung'oa magugu hakuongezi mavuno, tena kunaleta viwavi, si ndio kusema wayaache? Mtu akiniambia dawa hii haiponyi na inakuumiza tumbo anataka nini zaidi ya niiache? Kwa njia ya PwaniKwetu, "amekuja kutaka nini kwangu", mimi najibu amekuja kutaka wakulima waache magugu.


Wakili Mtarajiwa

Swali zuri sana na ndipo watu wengi wa 155 wanapokwama, C wanaikwepa vizuri halafu wanaangukia E.

Mwandishi hajasema waache. Tafuta kwenye aya neno lolote la kumwagiza mtu, wanapaswa, waache, ni vizuri, halipo. Amesema dai la mavuno si sahihi, akaishia hapo. Mkulima anaweza kusoma aya yote, akakubali kila neno, na kesho akang'oa magugu kwa sababu anaogopa nyoka, au moto wa kiangazi. Hajampinga mwandishi hata kidogo. Ukiweza kumkubali mwandishi kwa kila kitu halafu ukaikataa E, basi E siyo alichosema, ni hatua uliyoipiga wewe mwenyewe baada ya yeye kunyamaza.

Kwenye swali hili wewe ni karani wa mahakama. Shahidi anasema unaandika. Kazi ya kusema "basi kwa ushahidi huu tufanye hivi" ni ya mtu mwingine. Kuna maswali mengine ndani ya mtihani huohuo yanayokutaka useme nini kinafuata kutokana na maelezo, hayo ndiyo unasogea hatua moja, na ndiyo maana ni lazima usome swali lenyewe kabla ya aya, ujue leo umeitwa kama karani au kama nani.

Na kitu kingine ambacho kinaonekana kidogo lakini kimenipa alama nyingi. Sentensi yenye hitimisho kwenye mfano wako ni "Dai hilo si sahihi." Maneno manne. Ndiyo maana uliipita, haina nyama. Nyama yake ipo sentensi ya juu, kwenye kinywa cha mpinzani. Ukikuta "hilo", "hivyo sivyo", "wamekosea", simama, chukua kile kinachorejewa ukiweke mahali pake, sema sentensi nzima: kung'oa magugu yote pembezoni mwa shamba hakuongezi mavuno. Sasa ndio ina uzito. Isemee kwanza moyoni hivyo halafu ndio uteremke kwenye A mpaka E, na usitarajie kuyakuta maneno yaleyale, jibu sahihi mara nyingi limevaa nguo nyingine, na lile lililonakiliwa karibu neno kwa neno kutoka kwenye aya mara nyingi ni sababu tu wameiweka ikuvutie kwa sura unayoifahamu. B yako ni hiyo. A ni maneno ya mpinzani, yamo kwenye aya na ni kweli yamesemwa, lakini sio ya mwandishi.


Mkalimani

Nimechelewa lakini nina la kuongeza upande wa lugha, maana mimi kazi yangu ni ukalimani mahakamani, Kiswahili na Kiingereza, mwaka wa tisa sasa, na naona mnazungumza kama vile tatizo ni mantiki peke yake. Kwa sisi ambao Kiingereza tulikikuta shuleni kuna vineno vidogo vinatupiga chenga na hakuna darasa la Wamarekani litakaloviona, kwa sababu wao hawavikosei.

Cha kwanza ni "for". Tumekariri ni "kwa" au "kwa ajili ya". Lakini ukikikuta baada ya mkato, na baada yake sentensi kamili yenye mtenda na kitenzi, hicho ni "kwa maana". Yaani kilicho kabla ya mkato ndicho kinachotetewa na kilicho baada ni utetezi. Nina hakika kuna maswali mtu anakosa hapo tu, amesoma "for" akapita kama vile hakuna kitu, wakati mwandishi alikuwa amemwashia taa kabisa kwamba hitimisho ni hilo ulilotoka kulisoma sasa hivi.

Cha pili "since", tunakijua kama "tangu", na kwenye hizi hoja mara nyingi ni "kwa kuwa". Cha tatu ni "after all", ambacho wengi tunakisikia kama "hata hivyo" au "mwishowe" na mtu anadhani ndio hitimisho hilo linakuja, kumbe kwenye hoja kinamaanisha "kwani", au ile "si unajua". Kinaleta sababu. Hiki ndicho kibaya kuliko vyote kwa sababu kwa sauti yake kinafanana na mwisho.

Dada ushauri wangu, aya fupi hizi zisome kwa Kiingereza halafu jirudie kwa Kiswahili kwa mdomo, sentensi moja tu, kama unamkalimania mtu aliyekaa pembeni yako: "Anasema hivi, kwa kuwa hivi." Ukishindwa kuijaza hiyo sentensi hujaielewa hoja, na usiguse machaguo. Mwanzoni itakuchelewesha, usiogope.


Kijana wa Posta

Nimejifunza mengi, kumbe nilikuwa napotosha, samahani dada. Ila naomba kuuliza, hii kitu ina faida kwa sisi tuliopo Dar? Maana LLB unaingia na matokeo yako ya form six, hakuna mtihani wa hivi.


Mkalimani

Kuingilia hapana, lakini utaikuta ndani. Hukumu yoyote utakayopewa usome mwaka wa kwanza utatakiwa utoe kiini cha uamuzi, na jaji naye ana Msamvu zake nyingi njiani. Na vijana wanaoomba sheria Makerere wana mtihani wa kuingilia, kama una ndugu Kampala mtumie hizi habari.


Wakili Mtarajiwa

Mwanazamu, kabla hujaenda kazini chukua hii, nimeitunga sasa hivi. Usiangalie machaguo kwa sababu sijayaweka, niandikie tu hitimisho kuu kwa sentensi moja kamili:

"Kwenye magofu ya mji mmoja wa kale wa pwani, wachimbaji wamekuta vigae vingi vya vyombo vya China. Baadhi ya watafiti wanasema vigae hivyo vinathibitisha kwamba Wachina waliishi katika mji huo. Vigae havithibitishi hivyo, kwa maana vyombo vya biashara hupita mikono mingi, na hivyo vingeweza kufikishwa hapo na wafanyabiashara wa mataifa mengine."


Mwanazamu

Sawa kaka. Kwanza duara "wao" kwa watafiti. "Kwa maana" inaleta utetezi, kwa hiyo kinachotetewa kipo kabla yake. "Na hivyo" ni kituo cha njiani, vingeweza kufikishwa na wengine, inabeba ile ya juu. Sentensi yangu: Wachina hawakuishi katika mji huo.


PwaniKwetu

Umefika mpaka kwenye mlango, dada, kisha ukaingia nyumba ya jirani. Mishale yako yote ni sawa, hata ile "na hivyo" umeijua, lakini soma tena neno lake, "havithibitishi". Hakusema hawakuishi. Amesema vigae hivi haviwezi kutuambia kama waliishi. Pengine waliishi na pengine hawakuishi, yeye hana habari na hilo, ugomvi wake ni na ushahidi.

Mimi hii imenigusa kwa sababu nimekulia si mbali na magofu ya Gede, kule karibu na Malindi, na pale kwenye makumbusho vipande vya vyombo vya China vipo, nimeviona tangu utotoni tukipelekwa na walimu. Na huku kila mtu akuambia vyombo vile vililetwa na jahazi za biashara, kutoka Ghuba na Bara Hindi. Kwa hiyo mimi nikisoma aya hiyo damu yanisukuma niseme "naam, hawakuishi!", kwa sababu najua zaidi ya aya. Hapo ndipo pa kujizuia. Unachokijua wewe kiache mlangoni na viatu. Kama aya haina, huna.

Fanya hivi. Mtu akikuambia "hujanithibitishia kwamba Juma ameiba", na mwingine akakuambia "Juma hakuiba", je ni neno moja? Wa kwanza aweza kuwa hata yeye amshuku Juma.


Wakili Mtarajiwa

PwaniKwetu amemaliza. Naongeza tu kwamba kwenye mtihani lile jibu la "hawakuishi" lazima ungelikuta limekaa pale kati ya A na E, limeandikwa vizuri, kwa sababu wanajua mtu aliyeelewa hoja yote ndiye atakayelikimbilia. Na hata ukubwa wa madai uangalie vilevile. Aya ikisema "baadhi", jibu likasema "wengi", kata. Aya ikisema "huenda", jibu likasema "ni lazima", kata. Hilo halihitaji mantiki, linahitaji jicho tu.


Mwanazamu

Nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya maswali 12 ya hitimisho bila saa, kwa daftari na mishale, na kila moja nilisema kwa Kiswahili kwa sauti kwanza (nilikuwa kwenye gari, maegesho ya kazini, nikisubiri zamu). Nimepata 10. Sijawahi kupata hivyo.

Mawili niliyokosa. Moja lilikuwa na umbo hili: "Ingawa bei ya mafuta imeshuka, nauli hazitashuka hivi karibuni, kwa kuwa wenye mabasi wamefunga mikataba ya mafuta ya mwaka mzima kwa bei ya zamani." Nilichagua bei ya mafuta imeshuka, nadhani kwa sababu ndiyo iliyotangulia na nilikuwa nimechoka. Nikachora mishale baadaye nikaona "ingawa" haibebi kitu, anaikubali tu kupisha njia, kilicho katikati ndicho hitimisho. La pili walikuwa watu wawili wanabishana na wanauliza hitimisho la yule wa pili, nikachanganya sauti zao, bado silielewi vizuri.

Sasa kinachonitisha ni saa. Kwa mishale natumia dakika nne mpaka tano kwa swali. Nimebakiza wiki tisa.


Wakili Mtarajiwa

10 kati ya 12, hongera sana, na hiyo ya "ingawa" umejisahihisha mwenyewe bila mtu, hiyo ndiyo ninayoifurahia zaidi.

Saa usiiwashe bado. Wiki mbili hizi endelea na daftari. Ya tatu, chora kichwani tu na uandike sentensi moja ya "anasema hivi kwa kuwa hivi". Ya nne ndio weka saa, na usianze na swali mojamoja, chukua sehemu nzima ya dakika 35 kwenye LawHub, tovuti ya LSAC wenyewe wanaotunga mtihani, akaunti ya bure ina mitihani michache halisi inatosha kuanzia. Ukigawa ni kama dakika moja na nusu kasoro kidogo kwa swali, lakini haya ya hitimisho yakikaa sawa utayamaliza chini ya dakika, na unachookoa hapo unakihamishia kwenye yale marefu ya mwishoni. Na usiache swali hata moja wazi, kukosea hakupunguzi alama.

Lile la watu wawili, tunga linalofanana nalo uliweke hapa. Chora mstari katikati ya karatasi, wa kwanza kushoto, wa pili kulia, na mishale isivuke mstari.


Mwanazamu

Nalitunga leo usiku, mapumziko ya saa tisa. Mkalimani na PwaniKwetu msiende mbali tafadhali.